Pikipiki Iliyopiga Kelele Njia Panda

Mpwa wangu tunamwita Breki, kwa sababu hana. Tangu utotoni hakuogopa mbwa, radi wala mama yake, na mama yake ni dada yangu, kwa hiyo najua ninachosema. Kazi yake ni kupeleka damu hospitalini kwa pikipiki. Mimi niliacha shule darasa la sita, walimu wakiwa wameishiwa la kunifundisha, na siogopi kitu, ila nikipanda nyuma yake hufumba macho. Upepo, si unajua.

Pikipiki yenyewe ni ya kisasa, haina ufunguo. Dereva anatembea na rimoti ndogo kama kiberiti. Ikiwa karibu, anabonyeza kitufe kwenye usukani, injini inawaka. Ikiwa mbali, chombo kinagoma, na ukikisukuma kinapiga king'ora. Dawa ya wezi.

Siku hiyo nilimwomba lifti. Alikuwa ameshawasha injini, anapanga mifuko ya damu na vipande vya barafu kwenye boksi la bati.

"Kuna mama amejifungua, damu haikatiki," akasema huku akifunga kifuniko. "Panda, Mjomba, na usiongee."

Nikapanda, nikafumba macho. Tulipofika njia panda, kwenye foleni, akaachia klachi vibaya, injini ikazimika. Akabonyeza kitufe. Wapi! Taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima.

Lori nyuma yetu likapiga honi. "Toeni hicho kibati chenu!" dereva akafoka. Tukashuka, Breki akaisukuma pembeni, na hapo ndipo king'ora kilipolia. Soko zima liligeuka.

"Ameiba huyo!" muuza viatu akapaza sauti. "Mwizi!"

Hilo neno usiombe likuangukie. Kufumba na kufumbua tulikuwa tumezungukwa, na jamaa mmoja kifua wazi alikuwa na tofali mkononi.

"Ndugu zangu," nikaanza, kwa ile sauti yangu inayoogopwa na ukoo mzima. Ikatoka kama ya kifaranga.

"Na huyu babu ni mwenzake!"

Babu! Mimi! Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilijisogeza nyuma ya Breki.

"Fungua boksi tuone mlichoiba!"

"Halifunguliwi," Breki akasema. "Ni damu ya mgonjwa. Ikipata joto inaharibika, na yule mama hana nyingine."

Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Sikuwa nimewahi kuiona hivyo, na hilo liliniogopesha kuliko tofali. Lakini mikono haikusimama. Akanitupia simu yake. "Iweke mbali, huwa inavuruga rimoti." Mbali wapi, na watu wote hawa? Nikainyanyua juu ya kichwa. King'ora kikazidi.

"Betri ya rimoti nimebadilisha asubuhi," akanong'ona. "Siyo betri." Akapapasa mifuko ya koti, ya suruali, ya kifuani. Mitupu.

"Umeiangusha?"

"Niliwasha nayo. Baada ya kuwasha nilifanya nini, Mjomba?"

"Ulipanga barafu, ukaniambia nisiongee."

Jamaa wa tofali akasogea. Breki akalikodolea macho boksi. "Ilikuwa mkononi," akasema. "Ilikuwa mkononi wakati napanga barafu!"

Akafungua kifuniko. Ukungu wa baridi ukapanda, watu wakachungulia: mifuko ya damu, myekundu kabisa, na rimoti imelala katikati ya barafu. Bati lilikuwa limezuia mawimbi yake yasifike kwenye pikipiki. Akaibonyeza. King'ora kikakatika. Akafunga boksi haraka, akabonyeza kitufe, injini ikanguruma.

Hakuna aliyesema samahani. Jamaa akaweka tofali chini taratibu, kama mtu aliyekuwa amepewa amshikie mwenzake. Halafu yeye yuleyule akaanza kusimamisha magari. "Wapisheni! Wana damu!"

Hospitalini, nesi alilipokea boksi mlangoni akaondoka mbio. Tulikaa kwenye benchi mpaka aliporudi. "Ilikuwa bado baridi," akasema. "Imeshaanza kuingia. Mama ameulizia mtoto wake."

Breki akainuka, akaivaa rimoti shingoni kwa kamba ya kiatu, akaiendea pikipiki. Akanyoosha kidole kwenye kitufe. Kidole kikagoma.

"Mjomba," akasema, "tutembee kidogo kwanza."

Nikamwambia sawa, kama unaogopa. Tukatembea. Nilimshika mkono ili asianguke, ingawa yeye husimulia kwamba ndiye aliyenishika.