Fundi Lifti Aliyekataa Kushushwa

Baba yangu alikuwa fundi lifti, na mtu akikosea akamwita fundi umeme alinuna siku nzima. Ovaroli yake ilinuka grisi hata ikitoka kufuliwa, na bisibisi haikubanduka kwenye mfuko wa kifua. Kazini walimbatiza jina la Bwana Juu. Kila alipomaliza kutengeneza lifti alisimama mlangoni na kuwauliza abiria wa kwanza, "Juu au chini?" Wakijibu chini, uso wake ulinyong'onyea kidogo.

Siku aliyotangaza habari zake za kuchomwa tulikuwa mezani tunakunywa chai, mimi, yeye na Mama.

"Nikifa msinizike," alisema huku akichovya mkate. "Nichomeni. Maisha yangu yote nimepandisha watu, halafu ninyi mje mnishushe shimoni kwa kamba? Sikubali. Majivu yangu kayamwageni juu ya paa la lile jengo refu la benki. Upepo utajua pa kunipeleka."

Mama aliweka kikombe chini. "Na mimi nitalala na nani?"

"Lini?"

"Huko! Miaka yote nimevumilia mkoromo wako, leo unataka kupeperuka uniache peke yangu?"

Nilicheka. Mama hakucheka, na nilipomtazama vizuri nikaona macho yamemlowa. Hakuwa anatania hata kidogo. Mama aliogopa kulala peke yake tangu nimjue; Baba akiwa zamu ya usiku, aliiacha redio inaongea mpaka asubuhi, tukakoma sisi wenye usingizi mwepesi.

Walivutana kwa wiki kadhaa, kila mmoja akinivuta upande wake, mpaka nikachoka kuwa refa. Nikawachukua wote wawili hadi kwenye nyumba ya kuchomea maiti ili, kama ni kugombana, wagombane wakijua wanachogombania.

Ofisi ilikuwa ndogo na safi, yenye viti vya plastiki na feni iliyogeuka kama haitaki. Mhudumu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Hakutuonea huruma wala hakutuharakisha, nami nikampenda papo hapo.

"Mnaweza kumuaga kwanza, jeneza likiwa wazi, ndugu wakamwona, ndipo aingie tanurini," alisema. "Au achomwe kwanza kimyakimya, halafu mkusanyike siku mnayotaka, majivu yakiwa mezani. Wenye ndugu wa mbali hupenda hivyo."

Baba aliruka. "Kumbe hata huku kuna jeneza?"

"Lipo, mzee. La mbao nyepesi tu, lisilo na vyuma."

"Ningejua!"

Mama alijisogeza mbele. "Mtajuaje kwamba majivu ni yake? Nisije nikakaa na mume wa mtu."

Mhudumu alicheka mpaka miwani ikacheza. "Anaingia mmoja mmoja, mama, na kibati chenye namba yake kinaingia naye. Tunafagia kwanza ndipo aingie mwingine. Yote yanatosha kwenye kopo la rangi."

Mama alimwangalia Baba kutoka unyayoni hadi kichwani, na kitambi chake chote, kama anayekisia kopo. Akaguna.

Kisha tukaonyeshwa tanuri. Mlango wake mzito ulikuwa ukifunguka kwa mota, na ulifunguka kwa kupanda. Baba alitoa sauti ya mtoto aliyeona pipi.

"Unapanda!"

"Unapanda," mhudumu alikubali. "Na familia ikitaka, mmoja wao ndiye anayebonyeza kitufe."

Baba alininyooshea kidole. "Huyu hapa."

"Tutaona," nilimjibu kwa ukali. Nikageuka, nikajifanya natazama mota.

Tulipokuwa tunaaga, Mama alimshika mhudumu mkono. Ndicho alichokuwa amejia. "Dada yangu, mtu aliyechomwa anaweza kuzikwa na mwenzake?"

"Anaweza. Linachimbwa shimo dogo juu ya kaburi la mwenzake, chombo kinawekwa humo. Au majivu yanakaa nyumbani yakimsubiri. Ila yakishamwagwa, mama, hayakusanyiki tena."

Mama alimgeukia Baba. Baba aliangalia dari.

"Paa," alisema.

Kichwa kigumu namna ile! Tulipofika kwenye jengo letu, Mama aliingia kwenye lifti na kubonyeza kitufe mwenyewe, kazi ambayo Baba hakuwahi kumwachia mtu. Baba alisimama na kidole chake hewani, hana la kufanya nacho.

Sote tulipanga kana kwamba Baba ndiye atakayetangulia, maana kifua chake kilikuwa kibovu. Akatangulia Mama. Ilianza homa, tukaenda hospitali, na hatukurudi naye. Tulimzika, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Kamba zilipoanza kushuka, Baba aliwaelekeza wachimbaji: "Polepole upande wa kushoto. Nyoosheni. Polepole." Nilitaka kumpigia kelele aache ufundi wake hata siku hiyo. Kisha nikaona anavyoing'ang'ania bisibisi mfukoni, nikamwacha.

Siku zikapita. Asubuhi moja nilimkuta jikoni, redio inaongea, chai imepoa mbele yake.

"Hii redio imewaka tangu jana," nilisema.

"Najua." Alizungusha kijiko kwenye kikombe. "Nilidhani mama yako anapenda taarifa ya habari tu."

Nilivuta kiti, nikaketi karibu naye.

"Ile habari ya paa," akasema, "iache."

"Na kuchomwa?"

"Kuchomwa palepale. Mlango ule ni mzuri. Ila ukimaliza, nishushe kwa mama yako. Hawezi kulala peke yake, yule."

Nililia mbele yake bila aibu, naye akanipa kitambaa kilichojaa grisi.

Alipokufa hatukubishana hata jambo moja. Tulimuaga jeneza likiwa wazi, la mbao nyepesi. Mhudumu yuleyule alichomoa bisibisi kwenye mfuko wa kifua wa ovaroli tuliyomvisha Baba, akaniwekea kiganjani. Nilibonyeza kitufe, mlango ukapanda bila mkwaruzo. Angeusifu.

Makaburini mchimbaji alinyoosha mikono anisaidie chombo. Nilikataa. Nilipiga magoti juu ya kaburi la Mama, nikakikumbatia kwanza. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.

"Juu au chini, Baba?" nilimwuliza.

Sikusubiri jibu. Nilimshusha polepole, nikanyoosha upande wa kushoto, mpaka mikono ikazama shimoni hadi viwikoni.