Maji Yalale Kwa Rabia

Tangu upepo ulipoanza kuvuma kutoka upande wa Luano, Rabia hakukaa chini. Aliingia dukani akagusa magunia ya unga na chumvi, akatoka uani akaangalia mbingu, akarudi kugusa magunia yale yale. Duka hilo la mtaani, katika zoni ya mji iitwayo Kenya, aliachiwa na marehemu mume wake, Abibu, mtu wa Maniema, na toka Abibu azikwe hakuna mwanaume aliyemwambia Rabia pa kuweka hata ndoo.

Ila mtoto wake Aruna, mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, alimshawishi kwa jambo moja tu: saruji. Alimwaga saruji mbele ya duka na nusu ya ua, ili wateja wasikanyage matope. Kweli ua ulipendeza. Rabia mwenyewe alikuwa anaufagia mara mbili kwa siku, watu waone.

Ndipo, wiki kadhaa kabla ya upepo huu, mvua ikaja. Maji ambayo zamani yalinywewa na udongo, sasa yakakimbia juu ya saruji kama yanafukuzwa, yakapita chini ya lupango, uzio wa mpakani, yakaenda kuangusha ukuta wa nyuma wa Honorine, jirani wa bondeni. Kwenye karatasi za serikali Honorine alikuwa ameshakuwa Mukuka, kwa sababu majina ya Kizungu, yale ya ubatizo wa mapadri, yalikatazwa, lakini mtaani nani angemwita hivyo? Alikuwa Honorine, au Mama Chileshe, basi.

Honorine hakupiga kelele. Alijenga ukuta wake upya, matofali yaliyovunjika akayakusanya fungu moja, kisha akaja dukani.

"Mama Aruna, mvua ile minasamehe. Ingine ikiingia mu nyumba yangu, tutaonana kwa komiseri wa zoni. Utafunga duka."

Na Rabia alijua si maneno ya bure. Mwaka ule ule komiseri, mkuu wa serikali katika zoni, alikuwa amefunga depo ya mfanyabiashara mwingine kwa kesi ya maji kama hiyo.

"Ni kitu kidogo, mama," Aruna alisema. "Tunachimba mufereji, maji iende ku barabara."

"Na ku barabara inaenda kwa nani?"

Kila Jumamosi, siku ya salongo, mtaa mzima ulitoka na majembe kufanya kazi ya lazima, na kila mmoja alichimba mfereji wa kumsukumia mwenzake wa chini maji yake. Ukifika kwa mtu wa mwisho, unakuta amebeba maji ya watu wote. Rabia alikuwa amechoka na mchezo huo.

"Mimi maji yangu italala kwangu," alisema.

"Maji inalala, mama? Uliinunulia na kitanda?"

"Cheka. Kisha lete nyundo."

Wakavunja saruji ya uani, wakabakiza njia nyembamba ya kupita. Wakachimba shimo refu kandokando ya lupango, lenye kina cha kumfika mtu kiunoni. Musonda, muuza makaa wa ng'ambo ya barabara, akapata kazi ya mdomo.

"Mama Aruna, iyo malachite, jiwe ya shaba, ukiipata, usitusahau!"

"Nikiipata nitakuzika nayo!"

Sasa, kuta za shimo zilikuwa zinamomonyoka. Rabia akafanya ambalo mtu yeyote wa mji huu angelifanya: akaagiza udongo wa chulu, kile kichuguu cha mchwa ambacho kimejenga nusu ya nyumba za hapa. Akalipaka shimo lote, chini na kando, akaukanyaga kwa miguu yake mwenyewe mpaka ukang'aa. Kando akapanda mchaichai na migomba. Alijivunia sana.

Mvua ndogo ya kwanza ikajaza shimo. Siku ikapita, maji yapo. Siku nyingine, yapo, na vyura wamehamia.

Honorine akachungulia juu ya lupango. "Mama Aruna, unafuga samaki gani?"

"Nilisema maji italala. Haiko inalala?"

"Inalala, ndiyo. Lakini haiondoke. Mvua kubwa ikikuya italala wapi, juu yake? Weye haukuchimba shimo, ulifinyanga chungu. Mama yangu alikuwa anafinyanga mitungi na chulu, haikuvuja hata tone."

Neno lile lilimchoma Rabia kwa sababu lilikuwa la kweli, na lilikuwa limetoka kwa Honorine. Ndiyo maana leo, upepo ukivuma, alikuwa anazunguka kati ya magunia na mbingu. Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Aruna alikuwa kazini.

Akachukua ndoo, akaanza kuchota maji ya shimo na kuyamwagia migomba. Akaingia shimoni na jembe, akakwangua chulu. Udongo ulikuwa umeshika kama meno. Radi ikapiga.

"Mama Chileshe! Leta jembe yako!"

Kichwa cha Honorine kikatokea. "Unaomba ama unanituma?"

"Hauoni wingu ile?"

"Minaona. Minauliza kitu."

Rabia akafuta jasho, akatazama vyura, akatazama duka la Abibu.

"Minaomba."

Honorine akaja na jembe, na binti zake wakaja na karai za matofali yaliyovunjika, fungu lile la ukuta ulioanguka. Wakakwangua mpaka udongo mwekundu, ule unaokunywa, ukaonekana. Wakajaza shimo kwa vipande vya matofali na kokoto juu. Karai la mwisho lilimwagwa huku matone mazito yakigonga bati.

Mvua ikashuka yote. Maji ya paa na ya ua yakakimbilia shimoni. Yakapanda. Yakafika kwenye mizizi ya mchaichai, na Rabia akashika mkono wa Honorine bila kujua. Yakasimama hapo, yakazungukazunguka, halafu polepole kokoto zikaanza kuonekana tena.

Honorine akaenda kugusa ukuta wake chini. Akarudi na kiganja kikavu.

"Imelala," alisema. "Komiseri abaki kwake. Kaa basi, Mama Aruna, utaanguka."

"Sikai." Rabia alikuwa ameshafika mbele ya duka, anapiga kisigino kwenye saruji iliyobaki, ambayo juu yake maji yalikuwa bado yanakimbia kuelekea barabarani, kwa watu wa chini. "Na iyi nayo. Nyundo iko wapi?"