Mama Amelala, Usigonge

Mpaka leo nikisikia komeo la chuma likisukumwa, ule mkwaruzo wake mkavu, mimi huacha ninachofanya nikautazama mlango. Sababu yake siisimulii mara nyingi, lakini nyie nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa tuliporudi Kabungu kutoka Norwe, ambako baba alisoma miaka minne. Baba alipata kazi mjini Mpanda, akawa anakuja nyumbani Jumamosi tu. Mimi na mama, aliyekuwa mjamzito, tulibaki kwenye nyumba mpya iliyonukia saruji na rangi, na majirani wakaja kututazama kama bibi arusi.

Mama Evarista, jirani yetu wa ng'ambo ya shamba la mihogo, alikuwa wa kwanza kila asubuhi. Alipokuwa akipiga hodi, tayari mguu mmoja uko ndani, bakuli la maharage mkononi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, kisha akafunua sufuria kuona tumepika nini. Nilimpenda, hata aliponicheka kwa kula ugali kwa uma. "Huyu mtoto anauchoma ugali kama anaua panya!"

Mama hakucheka. Kule tulikotoka, mtu hupiga simu kabla ya kuja. Akamwita fundi, akafunga komeo. Siku iliyofuata alimwambia Mama Evarista, kwa upole kabisa, "Dada, ukitaka kuja uwe unanijulisha kwanza. Mchana huwa napumzika."

Mama Evarista alishika bakuli lake kwa mikono miwili. "Haya, Mama Neema. Nimesikia."

Hakuja tena. Watu wakaanza kutuita Wazungu, nami, mjinga wa miaka tisa, nikaona fahari. Sheria ya nyumbani niliijua kwa moyo: mlango ukiwa umefungwa, mama amelala, usigonge, kaa kibarazani.

Siku ile nilitoka shule saa nane mchana, nikakuta mlango umefungwa. Niliita mara moja, taratibu. Kimya. Nikakaa. Jua liliniunguza magoti, kivuli cha nyumba kikasogea mpaka kwenye mihogo. Kuna wakati nilisikia kitu ndani, kama mtu anavuta kiti. Nikajiambia mama anajigeuza kitandani, nikaendelea kuchezea sisimizi kwa kijiti.

Mama Evarista akapita na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama njiani, mbali.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala."

"Tangu saa ngapi?"

"Sijui. Nimekuta amelala."

Aliutazama mlango, akanitazama mimi. Kisha akaenda zake. Alikuwa amefika mwisho wa mihogo niliposikia kuni zote zikianguka kwa mkupuo. Alirudi mbio, akaupiga mlango kwa bega, "Mama Neema! Mama Neema!", akapiga yowe mpaka wanaume wakaja na majembe yao kutoka shambani. Komeo lilikuwa imara. Liliwachukua muda.

Mama alikuwa sakafuni, hatua chache tu kutoka mlangoni, kitenge chake kimelowa damu. Walimpeleka hospitali kwa gari la kubebea mahindi. Yeye alipona. Mdogo wangu alizaliwa hapumui.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Mama Evarista ndiye aliyemwosha na kumvika sanda. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, akijimwagia maji mikononi, "Asubuhi ile nilitaka kupita. Nikasema, hajaniita."

Kwa miaka mingi niliamini mama alikuwa na maringo, na nilimchukia kwa hilo, kama nilivyojichukia mimi niliyekaa nikicheza na sisimizi huku yeye akitambaa. Nilikuwa mtu mzima, tunachambua mchele pamoja, aliponieleza bila kuulizwa. Mwaka wa kwanza kule Norwe, kila Jumamosi alipika wali wa watu wanane, akakaa akisubiri majirani. Hakuja hata mmoja. Wali ulilala, akaumwaga, Jumamosi nyingine akapika tena. Mimi sikukumbuka chochote. Nilikuwa mdogo, nilikula nikashiba. Mwisho akaacha kupika mwingi, akajifunza kuishi bila kumtegemea mtu.

"Nilijifunza kwa machozi," aliniambia, macho yake kwenye ungo. "Tuliporudi, sikujua kama kuna kujifunza tena."