Ndugu Yangu Yuko Likizo na Firigisi Yangu Imeliwa

Admin, ficha jina langu. Hayo mengine yaache vile yalivyo.

Kwa masikitiko makubwa, nawatangazia wafuasi wote wa ukurasa huu kwamba Jumapili iliyopita, saa nane mchana, nyumbani kwangu Matisi hapa Kitale, firigisi ya kuku aliyepikwa na mke wangu wa ndoa ililiwa na mtu ambaye si mimi. Waluhya wenzangu najua mmeshashika vichwa. Kwa wengine nieleze: firigisi, sisi tunaiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Mgeni hata awe askofu atapewa paja na ashukuru.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, dereva wa trela, baba wa watoto watatu. Aliyeila ni ndugu yangu mdogo wa tumbo moja, nimwite Wafula. Yeye pia ni dereva wa trela, kule Bungoma. Nilimfundisha mimi kuendesha, wakati alikuwa akirudisha gari nyuma huku amefunga macho. Leo huyo mwanafunzi yuko likizo. Ndiyo, likizo, wiki tatu, na mshahara unaingia. Mimi nilidhani likizo ni ya walimu.

Kampuni yao ina chama cha wafanyakazi. Saa zake za kuendesha zikiisha anazima injini, na hakuna mtu wa kumfokea. Akiugua analipwa akiwa kitandani. Kwetu hatuna chama, tuna bosi. Ukienda kuzika shangazi, unarudi unapata mtu mwingine ameshika ufunguo wako, na kiti amekivuta mbele kwa sababu ana miguu mifupi.

Ngoja niseme ukweli wote, si hapa ni pa kukiri. Miaka miwili iliyopita afisa wa chama alikuja yadi yetu na fomu. Mimi ndiye nilisimama mbele ya wote nikamwambia, "Wewe bana, unataka tukatwe mishahara ununue tai ingine?" Watu walicheka mpaka yule mtu akakunja fomu zake. Nilijiona mjanja. Bosi alininunulia soda.

Sasa Jumapili nilikuwa napita na mahindi. Nilikuwa nimemaliza wiki tano bila kuona nyumbani, nikaegesha kwenye kituo cha petroli, nikatembea mbiombio nile na watu wangu. Kufungua mlango, namkuta Wafula kwenye kiti changu, na fulana, miguu kwenye stuli, firigisi iko kwa uma. Mtoto wangu wa mwisho amelala kifuani pake. Aliniona, akaimeza. Hakutafuna vizuri, lakini alimeza.

"Wandaye!" akasema kwa furaha. "Ndugu yangu! Karibu!"

Ananikaribisha. Kwangu.

Nikamwangalia mke wangu. "Mama Nekesa, hii ni nini?"

"Ni firigisi," akasema. "Ya Pasaka si nilikuwekea? Ilikaa mpaka paka wa jirani akaikataa. Sasa hii pia nimwekee nani, Baba Nekesa?"

Nikakaa kwa kiti cha wageni. Ndipo nikaanza kuona. Komeo la mlango, lile nimeahidi kutengeneza tangu mwaka jana, limetengenezwa. Mama yetu alikuwa amepelekwa kliniki. Halafu mke wangu ananiambia, kama mtu anayesoma habari, kwamba siku ya wazazi kule shule ya Nekesa, Kimilili, ni Wafula alienda. Mwalimu akamwita Baba Nekesa siku nzima.

"Na wewe hukumrekebisha?" nikamuuliza Wafula.

"Nilimrekebisha mara mbili," Wafula akasema. "Akaniambia hajawahi kuona mwingine."

Kabla ugali haujaiva, simu ikalia. Bosi. "Niaje, mzee. Naona kwenye tracker gari imesimama Kitale. Imeharibika?"

Nikasema ninakuja. Wafula akanisindikiza mpaka kwenye geti. "Wandaye, wekeni sahihi tu. Ni kalamu, haiumi."

"Mimi sipangiwi maisha na chama," nikamjibu. Simu ikalia tena, nikakimbia.

Mnisikilize vizuri sasa. Zile fomu zimerudi. Tuko madereva saba. Watatu wametia sahihi, watatu wamekataa, na bila kuwa wengi chama hakitambuliwi. Wote wananiangalia. Mmoja aliniambia, "Mzee, wewe ndiye ulituchekesha, wewe ndiye utamaliza." Afisa anakuja Jumatano, na tai ile ile. Bosi naye amenidokezea kwamba kuna lori jipya linatafuta dereva mwenye adabu.

Najua mtasema nitie sahihi. Hata mimi nikiwa peke yangu barabarani, natia sahihi kila kilomita. Lakini nikimfikiria Wafula akisikia, na lile tabasamu lake la mtu aliyelala vizuri, mkono unakataa. Ni wivu. Sitaki ionekane alikuwa sawa. Nisipotia, mwalimu wa Nekesa ataendelea kuwa na baba mmoja tu anayemjua. Nikitia bosi akajua, kiti changu kitavutwa mbele.

Nishaurini ndugu zangu, Jumatano nifanye nini? Matusi wekeni, nimeyazoea, ila msiniambie nimsamehe ile firigisi. Mtu unafanya kazi mwaka mzima, kuku anachinjwa kwako, na kipande chako kinaliwa na mtu wa likizo.

Najua kuna atakayeuliza kuku alikuwa wa nani. Alikuja naye Wafula kutoka Bungoma.