Mama Mkwe kwenye Mawe ya Nzoia

Mtumbwi wa Wekoye ulikuwa na sheria moja: wakifika mawe, kila mtu anashuka, anapewa mkono, anatembea ukingoni, na mtumbwi unapita mtupu. Aliishika miaka yote aliyowatembeza wageni kwenye mto Nzoia. Aliyebisha alirudishwa alikotoka.

Desemba 2004 aliwabeba watu wa kanisa kutoka Kitale, waliotaka kuona mafunjo na maporomoko. Miongoni mwao alikuwa Mama Nanyama, mama wa mkewe, aliyekuja kumtembelea binti yake kutoka Bungoma. Kwa Wabukusu, mkwe hamgusi mama mkwe wala hasemi naye moja kwa moja. Kwa hiyo mama aliketi mbele kabisa, amempa Wekoye mgongo, na kila neno lilipitia kwa Fridah, mmoja wa watu wa kanisa, aliyekaa katikati.

"Fridah, mwambie mama asiegemee upande."

"Mama, umesikia? Ati kijana wako anaogopa utamzamisha!"

Hata mama alicheka.

Kwenye mawe, Wekoye alisimama majini akawashusha mmoja mmoja. Fridah na wenzake wakatangulia kwa miguu. Akabaki mama, na ukingoni Makokha, mzee wa kanisa.

"Mzee, nisaidie. Mpe mama mkono."

"Niingie maji na hivi viatu? Ni vipya, bana."

"Basi nitamshusha mwenyewe."

"Wewe! Umushike mama mukwe mbele ya watu? Hiyo ni hatali!"

Mila hiyohiyo inasema mama mzee asaidiwe na yeyote aliye karibu. Hiyo Makokha hakuikumbuka. Alikumbuka ile isiyomlowesha.

"Wacha tu, nitakaa," mama akasema kwa aibu, macho majini. Na Wekoye, ambaye hakuwahi kumkubalia mgeni yeyote, akaona haya. Akausukuma mtumbwi na mama ndani.

Haukufika mbali. Maji yaliubamiza kwenye mwamba, ukapasuka, na mkono wa mama ukabanwa katikati. Hapo Wekoye hakuuliza mtu. Alimkumbatia mama mkwe kifuani, akamvuta hadi nchi kavu.

Makokha, mkavu hadi soksi, akapaza sauti: "Mumeona? Amemugusa! Sasa lazima atoe kondoo wa utakaso!"

Na wapo waliorudi mbio wakaitikia kwa vichwa kumuunga mkono. Watu wazima, Biblia kwapani, na mwanamke anavuja damu miguuni pao!

Mama Nanyama aliishi. Mkono wake wa kulia haukushika jembe tena, na Wekoye hakupata mtumbwi mwingine.