Fataki Zilizonijazia Sebule

Ukija Buhongwa kwa barabara ya Shinyanga, nyumba yangu unaiona kabla hujaiona Buhongwa yenyewe. Nimeijenga juu ya jiwe. Wasomi walinikataza, wakasema pale huwezi kuchimba msingi. Mimi jiwe nalijua toka Misungwi. Nimeliponda kwa nyundo nikiwa kijana, nikauza kokoto kwa ndoo, halafu kwa toroli, leo nauza kwa Fuso, na Fuso ni langu. Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu wa hesabu alisema sitafika popote. Nimefika ghorofani.

Kwa hiyo mtu akiniambia fataki ni kelele, namtazama tu. Mimi nimekulia machimboni, baruti ikilipuka hadi chai inaruka kutoka kikombeni. Nitaita kelele kitu kinachopanda juu, kinapasuka na kumwaga maua? Sikukuu bila fataki naiona kama msiba uliochangamka. Mtaani kwetu mimi ndiye niliyeanza kuzirusha. Kibali ninacho, nimekitia fremu, kinaning'inia sebuleni pembeni ya picha yangu na Fuso la kwanza.

Shida ilikuwa majirani.

Tunayepakana naye ukuta ni mwalimu mstaafu, Mhaya, aliyefundisha walimu wenzake chuoni Butimba mpaka wakamwambia sasa pumzika. Kapumzika kwa kufuga kuku wa mayai. Mwaka Mpya nilirusha fataki za kutosha, mawe yote ya mlima wetu yakawa yanaitikia. Asubuhi mwalimu akaja getini ameshika trei.

"Shikamoo mwalimu. Heri ya Mwaka Mpya!"

"Marahaba. Unaiona hii?"

"Naona trei."

"Na ndani yake?"

"Hamna kitu."

"Basi hayo ndiyo mayai ya leo. Kuku wangu wamejibana kona moja, wamelaliana kama magunia. Hakuna aliyetaga."

"Mwalimu, kuku wako ni waoga. Mbona wa kwangu wametaga?"

"Wa kwako wamezoea," akasema. "Wanaishi na wewe."

Nyuma yangu anakaa mama mmoja mshonaji, mtu wa familia ya Kiislamu ya mjini, wale ambao babu zao walikuwa wakishona kanzu kabla Mwanza haijajua taa. Kwa umri ananizidi, ananiita mwanangu. Huyu nilitaka kumfurahisha. Nikasema nisirushe za Krismasi na Mwaka Mpya pekee, watu watasema nabagua, ngoja na Idi niwarushie wenzetu. Nikawarushia magharibi, bila kuuliza mtu. Watoto wa mtaa kusikia wakapiga kelele "Idi! Idi!", mama zao wakaanza kuloweka mchele wa pilau, na vijana wawili wakatoka kabisa kwenda kunyoa. Mama mshonaji akaja amejifunga khanga kiunoni.

"Mwanangu, nani kakwambia kesho Idi?"

"Si mfungo umeisha, mama?"

"Mwezi haujaandama. Umeandama wewe."

Kesho yake watu wakafunga tena, na pilau ile ikalala ndani ya sufuria ikiwanukia.

Baada ya hapo mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao. Wakasema fataki zipigwe kwa taarifa, tena kwenye uwanja wa mpira, siyo kwenye makazi. Nikasimama. Mimi kusimama kwenye kikao siogopi. Nikawaambia kiwanja ni changu, hati ninayo, na anga ni la Mungu. Nikawakumbusha pia kwamba barabara ya mtaa ilipogeuka tope, aliyemwaga kokoto ni mimi, na hakuna aliyeniomba.

"Kokoto tunashukuru," mwalimu akasema. "Sasa tutakuachia ukae na kiwanja chako."

Hakuna aliyepandisha sauti. Ila mimi ni Msukuma, kutengwa nakujua hata kukija kimya kimya. Salamu nilipewa. "Habari za kwako, tajiri?" "Njema." Lakini getini mwangu hawakuingia tena. Mke wangu alikuwa anapika chai birika zima, tunainywa sisi.

Kilichobaki kati yetu ni filimbi tu. Ulinzi wa mtaa wetu tumeuweka kwa desturi za kwetu Usukumani. Kila nyumba ina filimbi nyuma ya mlango. Ikilia, kila mwenye miguu anatoka na fimbo, hata kama anayepiga mmegombana jana. Asiyetoka, siku yake ikifika atapiga mpaka mate yakauke. Filimbi zenyewe nilizinunua mimi, za chuma, siyo hizi za plastiki.

Nikasema moyoni, wasije, nina televisheni. Nikakaa hivyo miezi, mpaka binti yangu akaniletea habari.

Kapata mchumba. Kijana kasoma, watu wake ni wa Bukoba, wanakuja kujitambulisha baada ya Krismasi, mjomba wake ndiye atakayewaongoza. Nikafurahi, nikamwambia mke wangu achague samaki, sato mkubwa kuliko wote soko la mwaloni. Yeye akaniuliza kitu kimoja.

"Utakaa na nani?"

"Kivipi?"

"Wageni wakiingia, upande wetu watakaa wazee gani? Kaka yako mguu haumruhusu kutoka Misungwi. Utakaa wewe na hizo sofa?"

Binti naye akaongeza, taratibu, maana ana adabu. "Baba, kwao mtu hapimwi kwa ghorofa. Watatazama nani kakaa pembeni yako. Wakikukuta peke yako watarudi kuulizana kuna nini. Wakishaanza kuulizana, baba, hawarudi."

Yule mtoto nilimbeba mgongoni nikiwa naponda kokoto. Sikulala vizuri.

Nikavaa suti, nikazunguka nyumba kwa nyumba. Mwalimu akanisikiliza huku anawamwagia kuku chakula, akasema, "Tutaona." Mwenyekiti naye, "Tutaona." Kwa mama mshonaji nilikwenda mwisho, nikakaa kabisa kwenye kigoda, mimi na suti yangu.

"Mama, njoo unishike mkono. Ni mjukuu wako yule."

"Mjukuu wangu sina ugomvi naye. Wewe siku hiyo washa moja tu, mwanangu, tutasikia huku huku kwamba wageni wamefika." Akacheka mpaka akatoa sindano mdomoni, asije akaimeza.

Siku ikafika. Wageni wakaingia jioni, watatu, makoti, viatu vinang'aa. Mjomba mtu mrefu, anazungumza pole pole kama anayesoma. Akatoa kikopo chenye kahawa yao ya kutafuna, akanipa punje kwa mikono miwili. Nikatafuna. Akatazama sofa. Sofa zangu ni za watu kumi na zaidi, na siku hiyo zilionekana kama ukumbi ambao harusi imeahirishwa.

"Wenzako wako wapi?" akauliza.

"Wako njiani."

Tukanywa chai. Nikamwonyesha picha ya Fuso. Tukanywa tena chai. Nikamsomea kibali cha fataki, chote, na mimi Kiswahili chenyewe nikisoma huwa napumzika katikati.

"Wanatoka mbali?" mjomba akauliza.

"Siyo mbali sana."

Akawageukia wenzake, wakasemezana kwa Kihaya, maneno machache. Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo, nikaona jicho la binti yangu. Lile jicho lilinisimamisha.

"Wageni wangu," nikasema, "kabla ya maongezi, hapa kwangu tuna utaratibu wa kuwakaribisha kwa heshima."

Utaratibu wenyewe niliutunga pale pale. Nikatoka uani nikachukua boksi moja kati ya maboksi mapya ya fataki niliyonunua mjini kwa ajili ya Mwaka Mpya. Picha juu ni maua, maandishi ni ya Kichina. Nikapanga kurusha moja tu, ya heshima, angalau wakitazama juu wasitazame sofa. Giza lilikuwa limeanza kushika. Nikawasha.

Zote nilizowahi kurusha kabla hupanda kimya, kisha puu. Hii ilipanda ikipiga filimbi. Na siyo filimbi ya mchezo. Ilikuwa kali, ndefu, ya chuma, kama zile nilizonunua mimi. Na kumbe boksi lile likishawashwa moja, zinajiwasha zenyewe. Filimbi ya pili, ya tatu, ya nne, zinafuatana bila kuvuta pumzi.

Sijamaliza kusema "Mungu wangu" nikasikia milango. Nyumba ya kwanza, ya pili, kisha mtaa mzima. Filimbi nyingine zikaitikia huko juu kwenye mawe, na yowe likapigwa. Nilipofika getini kufungua ili nieleze, geti lilishafunguliwa kwa bega.

Mwenyekiti alikuwa mbele na rungu. Mwalimu wa watu kavaa koti juu ya msuli, mkononi kashika ule ufagio wa bandani, wenye manyoya ya kuku. Nyuma yao vijana, fimbo kama shamba la mtama. Mama mshonaji katokea na mkasi wake mkubwa wa kukatia kanzu.

"Yuko wapi?" mwalimu akafoka. "Kaingilia wapi?"

"Nani?"

"Mwizi!"

Fataki ya mwisho ikapanda, ikapiga filimbi, ikapasuka, ikamwaga maua mekundu juu ya vichwa vyao. Wote wakatazama juu. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nakwambia, machimboni nimeshawahi kukaa karibu na baruti iliyogoma kulipuka. Nilikuwa na amani kuliko pale.

"Mwanangu," mama mshonaji akasema taratibu, mkasi bado uko wazi, "leo napo mwezi umeandama?"

Kabla sijajibu, mlango wa sebule ukafunguka. Mjomba akasimama kizingitini, akawatazama wale watu wote, fimbo, ufagio, mkasi, jasho linawatoka.

"Hawa ndio wenzako?" akaniuliza.

"Ndio hao," nikasema. "Si nilikwambia wako njiani?"

Mtu mmoja akacheka, nadhani mwenyekiti. Lakini mwalimu hakucheka. Mjomba akamsikia lafudhi, akamsalimu kwa Kihaya. Mwalimu akaitikia. Mjomba akauliza kitu kirefu, huku ananitazama. Mimi Kihaya sijui hata neno moja. Nilichojua ni kwamba harusi ya mwanangu ipo ndani ya mdomo wa mtu ambaye kuku wake nimewatoa akili. Mwalimu akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani. Akajibu kwa kifupi. Mjomba akaitikia kwa kichwa, akatoa kikopo cha kahawa, akampa.

"Ingieni ndani," mwalimu akawaambia majirani, kana kwamba nyumba ni yake. "Fimbo acheni barazani. Tuna wageni."

Sebule ikajaa. Sofa zikajaa, vijana wakakaa chini, wengine wakasimama kwenye ngazi za ghorofa langu. Mke wangu akaongeza maji kwenye mchuzi wa sato. Mwalimu kakaa kiti changu, pembeni yake mama mshonaji kaweka mkasi mapajani, na mahari wakayasimamia wao. Mjomba akasema wao ni watu wa migomba, ng'ombe watawatoa wapi?

"Usinidanganye," mwalimu akamwambia. "Nimezaliwa huko. Ng'ombe wapo, wanalala vizuri kuliko watu."

"Wewe Mhaya mwenzetu unatukaba hivi?"

"Leo mimi baba mkubwa wa binti. Ongeza."

Mimi, ambaye kwenye kikao husimama wa kwanza, niligawa chai. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Walipoondoka wameridhika, nikamfuata mwalimu barazani akitafuta ufagio wake. "Mwalimu, alikuuliza nini?"

"Aliuliza wewe ni mtu wa namna gani."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia ni mtu wa kelele, lakini barabara waliyopita kaijenga yeye. Nikamwambia pia, asiyefuga kuku anaweza kuoa hapa bila wasiwasi." Akapata ufagio. "Sasa, mzee hakai bure. Kuna malipo."

"Sema, mwalimu. Chochote."

"Maboksi uliyobakiza. Yote."

Nilimpa. Niliyabeba mwenyewe mpaka bandani kwake. Alizitumbukiza fataki kwenye pipa la maji mbele yangu, mojamoja, kama anayesahihisha mitihani.

Mwaka Mpya huo anga la mtaa wetu lilikuwa giza, na mimi nilikunywa chai na watu. Maboksi yenyewe hakuyatupa. Aliyajaza pumba za mbao akayapanga bandani, na siku hizi akiniletea trei, ikiwa imejaa, ananiita ukutani nichungulie. Kuku kajilaza ndani ya boksi langu la maua, katulia, anataga. Nilimwambia mwalimu, kwa uchungu wa fataki zangu, kwamba boksi zuri vile lisingepatikana kama si mimi.

"Naam," akasema. "Usilie tu kwa sauti, utamshtua."