Biro walinidai mtoto wa pili, na mimi nina mmoja tu

Wakuu, salamu kutoka Uvira. Shule yangu ni kidogo, nikikosea kuandika mtanisamehe. Lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mke wangu alijifungulia kwa mama yake kule Runingu, ndiyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza. Mama mkwe akamwita mtoto Baraka, akaenda kumwandikisha biro ya kule, yaani ofisi ya serikali.

Mama yangu huku mjini akasema jina la mjukuu wa kwanza linatoka upande wa baba. Akachukua kitambulisho changu, naye akamwandikisha biro ya hapa mjini kwa jina la Amani.

Mimi nilikuwa ziwani, navua ndagala.

Niliporudi sikutaka kumuumiza mzee yeyote, nikawa namwita mtoto Kadogo. Labda ilikuwa busara, labda woga. Mpaka leo sijui.

Siku moja makaratasi ya biro zote mbili yakakutana mjini. Nikaitwa. Ajenti, yule karani wa biro, akanipa mkono: "Pongezi, Shabukuru." Yaani baba wa mapacha.

Nikamwambia sina mapacha. Mkono akaurudisha.

Kesho yake nikaenda na mke wangu na mtoto.

"Huyu ni nani?" ajenti akauliza.

"Baraka," nikajibu.

"Na Amani iko wapi?"

"Njo huyu, ni mumoja."

"Basi Baraka iko wapi?"

Niseme haki, hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwamba mzazi analazimika kulisha, kusomesha na kulinda kila mtoto wake. Kama mmoja haonekani, ama amekufa na nitangaze, ama nimemficha na nitajieleza kwa hakimu. Wakuu, nilianza kumwonea huruma yule asiyekuwepo. Nikajiuliza kama alikula.

Tukaleta mama zetu wote wawili watoe ushahidi. Walikaa benchi moja bila kuangaliana. Ajenti aliporudia ile habari ya kutangaza kifo, mama mkwe akafunika uso na kitenge.

"Futa yangu. Minye siwezi kulia matanga ya mutoto ule iko ananyonya."

Mama yangu naye akasema ifutwe yake, Baraka abakie.

"Hapana, mama, Amani abakie," mama mkwe akakataa.

Wakagombana upya, sasa kila mmoja anampigania mtoto wa mwenzake. Ajenti akaweka kalamu chini.

"Asubuhi mulikuwa na wawili. Sasa hamuna hata moja." Akanigeukia. "Na weye, baba? Jina linatoka kwa wazazi. Mutoto unamwita nani?"

Mke wangu akaniangalia. Nikasema ukweli.

"Kadogo."

Akaandika, akapeleka makaratasi kwa hakimu. Hakimu akakubali yale mawili yafutwe. Mwanangu ni Kadogo kisheria, hata akiwa mrefu kunipita.

Nilichojifunza: kumpa mtoto jina na kumwandikisha ni haki yetu sisi wazazi, na ni kazi yetu pia. Ukiikimbia, itakungoja biro.

Mama zetu hawajanuna. Mke wangu ndiye anayeninunia, anasema na yeye alikuwa na jina lake, hakuna aliyemuuliza.

Wakuu, nirudi kwa hakimu kubadilisha jina tena? Nipeni mawazo, hata ya kunicheka.